Vivuli vya Mbuzi wa Ntheo

Mtu anayeweza kumtoa marehemu kwenye picha moja akamsimamisha kwenye nyingine, tena akiwa amefungwa tai ambayo hakuwahi kuwa nayo, si mtu wa kuaminiwa upesi. Hayo ndiyo niliyojiambia siku ya kwanza nilipopanda ngazi za studio yake, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kubadilisha mawazo. Mji wa Machakos ulimwita Mwalimu. Shule yoyote hakuwahi kufundisha. Alikuwa na kompyuta wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tumeiona benki tu, kwa mbali, na hilo lilitosha kumpa cheo.

Studio yake ilikuwa juu ya duka la majembe na seng'enge, karibu na stendi ya magari ya kwenda Kola. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, na watu walikuja na viatu vya Jumapili kupigwa picha wakiwa kama wanaotoka safari. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na mashine, na skana, na kiti kimoja kizuri ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Mimi nilipelekwa huko na mama nilipomaliza kidato cha nne. Mama aliamini kwamba msichana akikaa nyumbani bila kazi ataharibika, na kwamba kompyuta ingenizuia nisiharibike.

Nitasema tabia zake, kila mtu ajionee mwenyewe. Mteja alipoingia, Mwalimu alitupa taulo juu ya skrini kabla hajaitikia salamu. Alipoenda kula, alichomoa maus akaenda nayo mfukoni, mkia wake ukining'inia kando ya suruali hadi hotelini. Ukimuuliza picha ya fulani iko wapi, alikuuliza kwanza wewe ni nani kwake. Na alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alisimama mbele akasoma maneno makali juu ya ulimi wa uongo, kisha Jumatatu akaketi kumwingiza kwenye picha ya harusi shangazi aliyekuwa amekosa gari siku hiyo.

Kufundisha alijua, hilo siwezi kumnyima. Kitu cha kwanza alichofundisha kilikuwa tabaka, ambazo yeye aliziita leya kama zilivyoitwa kwenye mashine, na hakutumia mashine kuzifundisha. Alitumia karatasi za eksirei. Alizipata wapi, sijui mpaka leo. Alizilowesha kwenye dawa ya kufulia mpaka rangi nyeusi ikatoka, zikabaki ngumu na angavu, ingawa kwenye moja bado uliweza kuona mbavu za mtu fulani kwa mbali. Nilikuwa nikizitazama mbavu hizo nikijiuliza kama mwenyewe anajua ziko wapi.

Alichora nyumba kwenye karatasi moja, mti kwenye ya pili, mtu kwenye ya tatu. Akazipanga moja juu ya nyingine mezani.

"Hizi ni picha ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Ni tatu. Wewe unaangalia kutoka juu ndio unaona moja." Akavuta ile ya mti polepole, na nyuma yake nyumba ikawa nzima, mlango na dirisha. "Umeona? Mti haikuharibu nyumba. Iliificha tu. Sasa ukitaka kupaka mlango rangi, utapaka kwa karatasi gani?"

Nikamwonyesha ya nyumba. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema huo ndio mwanzo na ndio mwisho, mengine ni vidole kuzoea. Hata hivyo kwenye mashine nilikosea kosa la kila anayeanza. Nilipaka shati la mtu rangi ya samawati, rangi ikakataa kuonekana, nikapaka tena na tena kwa hasira, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye tabaka la chini na yote niliyopaka yalikuwa yamefichwa na mtu mwenyewe. Mwalimu alikuja nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa.

"Uko leya gani?" akauliza.

Swali hilo alimuuliza kila mtu kwa kila jambo. Mke wake akimfokea pale mlangoni, alimuuliza yuko leya gani. Nilisikia kwamba hata kwenye kikao cha kanisa, watu walipogombana juu ya kwaya, alisimama akauliza hivyo hivyo, na mchungaji akamwomba akae chini.

Kando ya kila tabaka kwenye skrini kulikuwa na alama ya jicho. Ukiligusa, jicho linafumba na tabaka halionekani tena. Ukiligusa tena linafumbua, na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Mwalimu alilipenda jicho hilo kupita kiasi. Mama mmoja wa Katelembo alikuja na picha ya harusi yake akitaka mume atolewe, maana bwana huyo alikuwa amehamia kwa mwingine. Mwalimu akampa picha aliyo peke yake na shada lake. Baadaye nikaona kwenye mashine mume bado yupo, amefumbwa tu.

"Kwa nini hukumfuta?" nikamuuliza.

"Mimi sifuti mtu. Namfumba."

Mama yule alirudi siku nyingine na mume wake, wamepatana, wanacheka, na Mwalimu akamfumbua yule bwana mbele yao kama aliyemtoa jela. Wao walifurahi sana. Mimi nilikaa nikiwaza ni wangapi wengine wamefumbwa ndani ya mashine ile, na kama ndugu zao wana habari.

Kitu kingine alichokataa ni kubana. Ukimaliza kazi unaweza kuzibana tabaka zote ziwe moja, na picha inakuwa nyepesi kuhifadhi. Wenzake mjini walibana. Yeye alisema ukibana umejifunga mwenyewe, picha inakuwa ukuta uliopigwa plasta na hakuna atakayejua matofali yalikaaje. Kwa hiyo alijaza sidii kwenye makasha ya viatu, moja juu ya nyingine hadi dirishani, na kila moja ilikuwa na picha za watu zikiwa wazi, tabaka kwa tabaka. Niliona ni hatari. Mtu mwema ana haja gani ya kuweka ushahidi wa namna alivyodanganya?

Halafu, ili usimwelewe kabisa, kuna siku alikuja kijana aliyevaa vizuri na cheti cha shule akitaka herufi moja tu ibadilishwe. Mwalimu alimfukuza kwa miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akimtupia maneno ngazi nzima mpaka chini kwa wauza majembe. Wiki hiyo hiyo alimtengenezea bibi mmoja sura ya mwanawe aliyekufa bila kupigwa picha, taya ya kaka yake, masikio ya mjomba.

"Na huo si uongo?" nikamuuliza.

"Mama yake ameangalia akasema ni yeye. Wewe ulimjua?"

Sikukubali.

Sasa nifike kwenye yangu. Siku moja nilipanda ngazi mapema kuliko kawaida, nikamkuta amejiinamia kazini. Taulo likaruka. Halikufika vizuri, likaacha pembe moja ya skrini, na kwenye pembe hiyo nikaona mbuzi watatu wamesimama juani mbele ya nyumba ya bibi yangu, mamake mama. Nyumba ile naijua hata nikiwa usingizini. Nilimuuliza anafanya nini na picha yetu.

"Ni yenu?" akasema. "Basi muulize mama yako."

Mama aliniambia picha ilikuwa imeharibiwa na maji ya paa na inasafishwa. Ilipokuja nyumbani ilikuwa imesafishwa kweli. Ilikuwa picha ya ntheo ya mama, siku upande wa baba ulipopeleka mbuzi kwao. Kwa Wakamba mbuzi hao ndio ndoa. Mengine yote yanaweza kungoja, lakini bila ntheo mwanamke ni mtu aliyekuja kukaa tu. Bibi, babu na mama walikuwa wameketi barazani kivulini. Mbele yao juani walisimama mbuzi, na baba akiwashika kamba, mrefu, mwenye afya, ametazama kamera. Mama aliitundika sebuleni juu ya redio. Ile ya zamani, ambayo sikuwahi kuonyeshwa, iliyoliwa na maji, ilibomokea mikononi mwake akaitia jikoni kwenye moto.

Baba alifanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha nyama, karibu maisha yake yote. Alipofariki, mimi tayari nilikuwa na kazi yangu ya kupanga kadi za harusi kwenye duka la machapisho mjini. Tulimzika nyumbani Kola. Udongo ulikuwa bado haujakaa sawa baba mkubwa, kaka yake baba, alipoitisha kikao cha ukoo, akasema mama arudi kwao kwa sababu ntheo haikupelekwa. Wazee waliokwenda siku ile walikuwa wamekufa wote. Bibi na babu walikuwa wamekufa.

Mama alisimama akasema kwa sauti thabiti, "Ni wewe mwenyewe ulizileta. Ulikuja na mbuzi ukazifunga kwa nguzo ya baraza."

"Mimi?" akasema baba mkubwa. "Asi! Iko wapi ushahidi?"

Mama akaagiza picha iletwe. Wazee wakaipokezana. Ilipomfikia baba mkubwa aliishika mbali na macho, akaipiga kwa kidole.

"Kama ni mimi nilileta, niko wapi hapa? Na huyu ndugu yangu siku hiyo alikuwa Athi River. Hii ni ya kompyuta. Msichana wake ndiye anafanya hiyo kazi."

Macho yote yakanigeukia. Mama akaketi. Nilimngoja aseme kitu, hakusema, na wazee wakampa mpaka kikao kingine alete neno la maana au afunge vyombo vyake.

Jioni ile nilitoa picha kwenye fremu nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Macho yangu yalikuwa yamefundishwa na mtu yule, na mara moja yaliona kitu ambacho kwa miaka yote sikuwa nimekitafuta. Vivuli vya mbuzi vilianguka kulia. Kivuli cha baba kilianguka kushoto. Jua moja haliwezi kufanya hivyo. Walioketi barazani hawakuwa na kivuli, kwa hiyo hawakuweza kunisaidia. Kati ya baba na mbuzi, mmoja aliwekwa.

Sikusita hata kidogo kuamua ni nani. Baba alikuwa amesimama pale, baba yangu, uso wake mwenyewe, amekufa juzi. Mbuzi ni mbuzi, wanapatikana kwenye picha yoyote. Nikaona yote kwa mkupuo: taulo, mama kunijibu nusu nusu, mama kunyamaza kikaoni. Walikuwa wametengeneza ndoa, yeye na Mwalimu wake. Nilimuuliza mama.

"Mwaitu, hii picha iliguswa?"

"Iliguswa na maji," akasema, akaendelea kuchambua mahindi ya muthokoi. Nilimpenda mama na nilimwogopa jioni hiyo kwa kiasi kilekile.

Kesho yake nilikwenda mjini. Mwalimu alikuwa amezeeka. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na ukungu na alikaribia skrini mpaka pua ikakaribia kugusa, lakini taulo lilikuwa palepale begani. Nikamwambia bila salamu kwamba nimegundua mbuzi.

"Mbuzi gani?"

"Zile uliweka kwa picha ya mama."

Akanitazama, na nadhani aliumia. Kisha akaanza kushusha makasha ya viatu, kasha baada ya kasha, akipuliza vumbi, mpaka akapata sidii. Mashine ilikuwa mpya kuliko ile niliyoijua lakini faili ilifunguka, tabaka zote zikajipanga upande wa kulia kila moja na jicho lake.

"Kaa hapa," akasema, akaniachia kile kiti chake. "Fumba wewe mwenyewe."

Nikatafuta tabaka la mbuzi nilifumbe. Halikuwepo. Kulikuwa na tabaka la kamba, la kivuli, la anga iliyopakwa upya, na moja lililoandikwa "mume". Nililigusa jicho lake, kisha la kivuli. Baba akatoweka. Nyuma yake, mwembamba kiasi kwamba baba alikuwa amemfunika kabisa, alisimama baba mkubwa akiwa kijana, ameshika kamba ya mbuzi. Kivuli chake kilianguka kulia, sambamba na vyao.

Mwalimu akasema, polepole, kama anayefundisha.

"Mama yako alikuja akaniambia, hizi mbuzi zilitafutwa na bwana yangu, lakini siku hiyo hakupewa ruhusa kazini, akatuma ndugu yake. Nataka yeye ndiye ashike kamba. Aonekane kwa nyumba yake. Nikatafuta picha yake ingine, jua ilikuwa imetoka upande ule mwingine. Kivuli nilijua iko makosa. Mama yako alikuwa na furaha sana, nikaacha."

Nilielewa basi kwa nini mama alinyamaza. Shahidi wake alikuwa kwenye picha, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfunika kwa mapenzi. Angesema baba aliwekwa, nani angeamini kilichobaki? Lakini mimi ni mtu wa kushuku na siku hiyo sikuwa nimepona.

"Nitajuaje hukumweka huyu leo?" nikasema. "Wazee pia watauliza."

Hakukasirika. Akafumba tabaka zilizobaki moja moja, anga, kamba, mpaka likabaki la chini kabisa, picha jinsi ilivyotoka kwenye skana kabla hajaigusa. Ilikuwa mbaya, imeparuka, na doa la maji la kahawia lilipita katikati. Akaweka kidole kwenye kioo akalifuata. Doa lilianzia mgongoni mwa mbuzi, likapita kwenye suruali ya baba mkubwa, likapanda nguzo ya baraza, likaishia gotini kwa bibi. Lilikuwa doa moja, halikukatika popote.

"Maji iliingia kwa karatasi moja," akasema. "Baba yako hana doa. Huyu ako nalo. Na bado usiniamini mimi. Siku ya kikao nitakuja niulizwe."

Alikuja, na hilo sikulitarajia, maana sikuwahi kumwona akitoka mjini. Alishuka Kola na suti yake ya kanisani na bahasha kwapani, akakataa chai, akakaa kwenye benchi akiwakagua wazee kama wateja wasiojulikana. Alipopewa nafasi alisimama akasema mbele ya watu, wawili wao wakiwa wa kanisa lake, kwamba yeye ndiye aliyemweka baba kwenye ile picha, kwamba hakuwepo, na kwamba hiyo ni kazi yake na ameifanya kwa watu wengi. Minong'ono ikapita. Aliwaacha wanong'one. Kisha akatoa picha ya chini, yenye doa, akaipeleka moja kwa moja kwa baba mkubwa. Mama aliinamisha kichwa.

Baba mkubwa aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaomba miwani ya mwenzake. Nilijiandaa kumsikia akisema ni kompyuta tena. Alikaa nayo mpaka wazee wakaanza kukohoa. Mwisho akagusa, si uso wake, wala mbuzi, aligusa mkono wa koti alilokuwa amevaa.

"Hii koti ni ya ndugu yangu," akasema. "Alinipa pale Athi River, kwa lango ya kazi. Aliivua mwilini. Akaniambia, usiende kwa wakwe zangu kama mtu hana watu."

Mama ndiye aliyeinuka, akaenda akasimama kando yake, wakaiangalia picha pamoja.

"Mikono yake ilikuwa inakufika hapa," akasema mama, akajigusa ncha za vidole. "Tulicheka sana."